Pweza Mdogo Aliyeshikilia Mnyiri

Maneno haya niliyasema jioni moja mbele ya wanafunzi wa uchoraji na wageni wao wa pwani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Wanafunzi, habari za jioni. Akina mama mliotoka pwani moja kwa moja mkaziacha ndoo zenu pale mlangoni, ahsanteni sana kwa kuja. Leo nyinyi ndio nitakaowategemea, na punde mtaona kwa nini.

Nimeombwa nizungumze juu ya picha moja tu, picha yoyote ya dunia niipendayo. Sikuhitaji kufikiri. Kuna picha ya samaki iliyochorwa katika mji wa Kyoto, Japani, mnamo 1765 au 1766, kwa rangi juu ya hariri. Urefu wake ni kama sentimita 142, yaani kimo cha mtoto wa darasa la sita, na upana wake sentimita 79. Ndani yake mna samaki wa kila umbo, wembamba na wanene, na karibu wote wanateremka kwa mshazari kuelekea upande mmoja, kama watu waliosikia mwito. Hamna mchanga, hamna mwamba, wala hamna jua. Kati yao yuko pweza mkubwa, minyiri yake imetanuka. Na kwenye mnyiri mmoja, huko mwishoni kabisa, amejishikilia pweza mwingine, mdogo kama kidole gumba ukimlinganisha na mwenziwe.

Mchoraji anaitwa Itō Jakuchū. Itō ni jina la ukoo, na kwao jina la ukoo hutangulia.

Niliiona picha hiyo mwaka 2018 mjini Paris, katika makumbusho ya Petit Palais, nikiwa nimekwenda huko kwa shughuli nyingine kabisa. Ilikuwa moja kati ya picha 30 zinazokwenda pamoja, zote za mkono huohuo, na zilioneshwa kwa mwezi mmoja tu, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba, kwa sababu hariri ya zamani na rangi zake haziwezi kustahimili mwanga mwingi. Kulikuwa na majogoo waliochorwa unyoya kwa unyoya, tausi, bata kwenye theluji, maua ya kila msimu. Watu walijazana kwa majogoo, na wana haki, kwa sababu majogoo wale wanakaribia kuwika. Mimi nilizunguka ukumbi mara tatu, na kila mara miguu ilinirudisha kwa pweza.

Nyinyi mnajua nimelelewa na bibi mchokoaji wa pweza. Bamvua likiingia na maji yakikupwa, alikuwa ananishika mkono tunatembea juu ya mwamba, yeye na mchokoo wake, mimi na kikapu. Alinifundisha kulitambua pango la pweza kwa makombe yaliyotupwa mlangoni, maana pweza anakula ndani na kutupa taka nje. Na alinifundisha jambo jingine ambalo sijalisahau: pweza jike akishatundika mayai yake pangoni, mwache. Hatoki tena. Hali chochote. Anayapulizia maji, anayapangusa kwa minyiri, anayalinda mchana na usiku, na siku yanapoanguliwa yeye amekwisha. Vitoto vinatoka vidogo kama punje za mchele, maji yanavichukua kwenda mbali, na mama anakufa palepale alipokaa.

Namwona mama mmoja hapo mbele anatikisa kichwa. Anajua ninachotaka kusema. Hakuna mtu wa pwani aliyewahi kumwona mama pweza akitembea na mwanawe. Haiwezekani. Sasa huyu bwana wa Kyoto, aliyesifika kwa kutazama viumbe kwa makini kuliko wenzake wote wa zama zake, kwa nini amechora jambo ambalo bahari haijawahi kulionesha?

Swali hilo lilinisumbua nikiwa nimesimama palepale, likanisumbua kwenye ndege, likanifanya nianze kusoma habari za mtu huyu. Nitawapa jibu langu, lakini kwanza lazima niwaambie alikuwa nani.

Jakuchū alizaliwa mwaka 1716 katika soko. Namaanisha hivyo hasa: nyumba yao ilikuwa duka la jumla la mboga katika soko la Nishiki, katikati ya Kyoto, na soko hilo lipo mpaka leo, ukienda utanunua figili na samaki. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume. Baba yake alipofariki, kijana akiwa na miaka 23 kwa hesabu yao, akarithi duka na kila kilichokuwa ndani yake. Hakulipenda. Mtawa mmoja aliyekuwa rafiki yake wa maisha, Daiten wa hekalu la Shōkoku-ji, ameandika kwamba mtu huyu hakuwa na hamu ya kitu chochote isipokuwa kuchora. Hakuoa. Alipofika miaka 40 alimkabidhi mdogo wake duka, akapumzika na biashara, akakaa na brashi zake.

Alianza kama anavyoanza kila mwanafunzi, kwa kunakili. Alinakili picha za mabingwa wa kale wa China, nyingi mno. Kisha, kwa mujibu wa Daiten, akajiuliza: wale mabingwa walichora vitu, na mimi nachora walichochora wao, nitawafikia lini? Akaamua kwenda kwenye vitu vyenyewe. Hakuwa na simbamarara wala korongo wa kutazama kila siku, kwa hiyo alifuga kuku uani kwake na kuwatazama kwa miaka. Wanafunzi wangu, andikeni hapo. Kuku wa uani, tena kwa miaka.

Na samaki? Kyoto haina bahari. Mji umezungukwa na milima. Samaki waliletwa, wengine kutoka upande wa Osaka, wengine wakibebwa mgongoni na wachukuzi kutoka pwani ya Wakasa huko kaskazini, wakiwa wametiwa chumvi ili wasiharibike njiani. Soko la Nishiki lilisifika kwa samaki kwa sababu chini yake kuna maji ya visima, baridi mno, ya kuwaweka samaki wabaki wabichi. Kwa hiyo mtoto wa duka la mboga alikua akipita kila asubuhi mbele ya meza za samaki. Samaki aliowaona utotoni hawakuwa wakiogelea. Walikuwa wamelazwa.

Ukilijua hilo, rudi kwenye picha utazame upya. Wale samaki wamegeuzwa ubavu, kila mmoja anaoneka mzima kuanzia mdomo hadi mkia, na mapezi yamekunjuliwa vizuri. Hakuna aliyemziba mwenzake sana. Ndivyo samaki anavyokaa mezani kwa muuzaji anayejua kazi yake. Jakuchū amewachukua samaki wa mezani, akaiondoa meza, akawarudisha majini. Macho amewapa uhai, na mwelekeo amewapa mmoja, wakateremka wote pamoja.

Sasa rudi kwa pweza. Mama zangu, pweza akishakufa, vinyonyeo vyake huacha kushika? Mnacheka. Haviachi. Ukimtia ndooni na wenzake, mnyiri unaendelea kunata kwa kitakachougusa, kwenye mkono wako, kwenye ndoo, kwenye pweza mwingine. Nyinyi mnawabandua kila siku. Haya ni makisio yangu mwenyewe, sikuyasoma popote, lakini nayaamini: nadhani Jakuchū aliona sokoni, katika beseni la mchuuzi, pweza mdogo amenata kwenye mnyiri wa pweza mkubwa. Aliona kitu cha kweli kabisa. Kisha akakitia katika picha ambayo wote wako hai, na pale ndipo kilipogeuka, kikawa mtoto na mzazi.

Nitarudi hapo. Kwanza nataka kuzungumza na nyinyi wanafunzi habari ya kazi yenyewe, kwa sababu mnapenda kuniuliza rangi zinakaaje miaka mia mbili na hamsini.

Picha hii ni gombo la kuning'inia. Wajapani huliita kakejiku. Haina fremu ya mbao wala kioo. Hariri iliyochorwa hubandikwa karatasi nyembamba kwa nyuma, tabaka juu ya tabaka, na kuzungushiwa kitambaa cha nakshi. Chini kuna kijiti cha mviringo ambacho ndicho uzito wa kuifanya inyooke, juu kuna kijiti kingine na kamba ya kutundikia. Ukimaliza kuitazama unaiviringisha kutoka chini, kama mnavyoviringisha mkeka, unaifunga, unaiweka katika sanduku la mti mwepesi uitwao kiri, na unatundika nyingine inayofaa msimu. Kwa hiyo gombo halikai ukutani mwaka mzima likazoeleka mpaka watu wasilione. Linakuja kama mgeni, kisha linaondoka.

Gundi ya kazi hiyo ni wanga wa ngano, na ile ya tabaka fulani huzikwa kwenye mitungi mahali pa baridi kwa miaka kumi hivi mpaka nguvu yake iishe. Nilipolisoma hilo sikuelewa. Nani anataka gundi isiyo na nguvu? Jibu ni kwamba picha lazima ikunjike mara elfu bila kuvunjika, na gundi kali ingeifanya ngumu kama ngozi kavu. Tena gundi dhaifu inabanduka. Fundi atakayezaliwa miaka mia baadaye ataweza kuifungua kwa maji, akarekebisha, akaibandika upya. Yule anayeitengeneza leo anamfikiria mwenziwe ambaye hajazaliwa. Kwa kweli hilo limenigusa karibu sawa na picha yenyewe.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kati ya 1999 na 2004 magombo yote 30 yalifunguliwa kwa matengenezo. Mafundi walipoondoa karatasi za nyuma, waliuona mgongo wa hariri, na mgongoni mlikuwa na rangi. Jakuchū alikuwa amechora pande zote mbili. Hariri ni nyavu, mwanga unapita katikati ya nyuzi, basi rangi iliyopakwa nyuma hupenya mbele ikiwa laini, kama sauti ya mtu aliye chumba cha pili. Wengine walijua mbinu hiyo pia, lakini yeye aliitumia kwa uangalifu wa ajabu. Kuna picha katika seti hiyo ambamo manyoya ya ndege yanang'aa kama dhahabu. Watu wengi waliamini ni dhahabu. Ni rangi ya udongo wa njano iliyopakwa kwa nyuma, na mistari myeupe kwa mbele. Udongo na chaki, basi.

Nimesema chaki, nijirekebishe. Ile nyeupe yao huitwa gofun, na hutengenezwa kwa makombe ya chaza. Makombe huachwa nje kwenye jua na mvua kwa miaka, kisha husagwa na kuchekechwa mpaka yawe unga laini kama poda ya mtoto, na kukandwa na gundi ya wanyama. Katika seti hii kuna gombo jingine la bahari, lenye makombe matupu: ufuko maji yakiwa yamekupwa, na makombe yametapakaa kila mahali, ya kuzunguka, ya miiba, ya kung'aa kama kauri, na maji yanarudi kwa vidole virefu vyembamba ambavyo sijaona maji yoyote duniani yakifanya hivyo. Unapotazama kombe jeupe kwenye gombo lile, unatazama kombe lililosagwa, likachorwa kuwa kombe.

Kuna gombo la tatu, nalo la samaki pia. Ni ndugu wa hili la pweza, na ndani yake kuna samaki mwekundu aitwaye tai, ambaye Wajapani humla kwenye sherehe kwa sababu jina lake linafanana na neno lao la kuashiria heri. Lakini mimi nataka mtazame pembeni kabisa, chini kushoto. Pale kuna samaki mmoja wa buluu iliyokolea. Kijapani anaitwa rurihata. Ana mstari wa njano mgongoni, na ngozi yake hutoa ute wenye sumu, kwa hiyo si samaki wa kukimbilia jikoni. Ni samaki wa mwamba wa kina kirefu. Tena huyu ndugu yetu anaishi pia katika Bahari ya Hindi, kuanzia Bahari ya Shamu mpaka Afrika Kusini. Kwa hiyo wavuvi wa mishipi mirefu wakimpata, wajue kwamba jamaa yake alichorwa kwa buluu ghali Japani mwaka 1766 hivi.

Na ile buluu ina kisa chake. Kwa muda mrefu wachoraji wa Japani walikuwa na buluu za aina mbili kubwa: ya jiwe liitwalo azuriti, iliyosagwa, na ya nili, ambayo ni mmea. Buluu ya samaki huyu ilipopimwa wakati wa matengenezo, ilionekana ina chuma ndani yake. Azuriti ni jiwe la shaba, na nili haina madini. Ilikuwa buluu ya Prussia, rangi iliyotengenezwa kwa bahati mjini Berlin mnamo 1706 na fundi wa rangi aliyekuwa akitafuta nyekundu. Ndiyo matumizi ya mapema zaidi ya rangi hiyo yanayojulikana katika uchoraji wa Japani. Hokusai na wenzake, ambao buluu yao mmeiona kwenye mawimbi makubwa yanayochapishwa kwenye fulana, waliitumia sana kuanzia miaka ya 1830. Jakuchū aliwatangulia kwa zaidi ya miaka 60.

Fikirieni safari yake. Nchi ilikuwa imefunga milango yake kwa Wazungu, isipokuwa Waholanzi waliowekwa kwenye kisiwa kidogo cha Dejima, bandarini Nagasaki. Rangi inatoka Ulaya, inapita baharini kwa miezi, inafika Nagasaki, inapanda nchi kavu mpaka Kyoto, inamfikia mtu aliyekuwa akiuza mboga. Naye anafanya nini na hazina hiyo? Hakuipaka anga, wala vazi la mfalme. Amempaka samaki mmoja, pembeni, karibu na ukingo wa picha, mahali ambapo mtazamaji mvivu hafiki. Kwa sababu samaki yule ndivyo alivyo. Azuriti isingetosha.

Naona muda unakwenda. Niseme picha zilikuwa za nini, maana hapo ndipo jibu langu la pweza lilipo.

Hazikuuzwa. Hakuna aliyeziagiza. Jakuchū alizianza mnamo 1757 na kuzimaliza baada ya karibu miaka kumi, kwa gharama yake, kwa hariri na rangi za thamani ya juu kabisa, na akazitoa kwa hekalu la Shōkoku-ji. Mwaka 1765 alitoa 24, pamoja na picha tatu za Buda na wafuasi wake wawili, na zilizobaki zikafuata. Alizitoa kwa ajili ya wazazi wake na kwa ajili yake mwenyewe, ili wakumbukwe katika ibada. Mwaka huohuo wa 1765 mdogo wake wa mwisho alifariki. Kwa hiyo samaki hawa tunaowazungumzia wamechorwa na mtu aliyekuwa kwenye msiba.

Siku ya ibada, Buda alitundikwa katikati, na pande zote mbili majogoo, maua, vyura na wadudu wa bwawani, makombe, samaki, pweza. Katika dini yake, viumbe vyote vina sehemu katika wokovu, na yeye alilichukua neno hilo bila kupunguza. Bidhaa za soko zilisimama kwenye ukumbi wa ibada. Wengine mtakumbuka niliwahi kuwaonesha picha yake nyingine, ya wino mweusi, kifo cha Buda, ambapo aliyelala katikati ni figili kubwa nyeupe juu ya kikapu, na waombolezaji ni mboga na matunda. Wapo wanaoicheka. Mimi naona mtu aliyelelewa kati ya mboga, aliyevipenda vitu vya duka la baba yake kuliko alivyolipenda duka.

Basi, kwa nini pweza mdogo? Mtu amefiwa na baba akiwa kijana, sasa amefiwa na mdogo wake, na anachora sadaka kwa ajili ya wazazi. Ameona sokoni kiumbe kidogo kimeng'ang'ania kikubwa, vyote viwili vimekufa, na mshiko haujaachia. Mnaniuliza kama alikosea elimu ya bahari? Alikosea. Na asingekosea, nisingerudi mbele ya picha ile mara tatu.

Hakukaa mbali na soko kama mnavyoweza kudhani. Mwaka 1771 kulizuka mgogoro, soko la Nishiki likawa hatarini kufungwa kwa sababu ya washindani. Mzee aliyekuwa amestaafu biashara aliweka brashi chini, akafuatilia ofisi za serikali, akazungumza na wakulima wanaoleta mboga, akakataa suluhu ambayo ingelinufaisha eneo lake peke yake, mpaka soko likaruhusiwa kuendelea mwaka 1774. Ninasisitiza hilo kwa sababu mara nyingi huelezwa kama mtu wa pembeni asiyejua dunia.

Mwaka 1788 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto. Nyumba yake iliungua. Hekalu la Shōkoku-ji liliungua pia kwa sehemu kubwa, ila magombo yaliokolewa. Mtu aliyatoa mle ndani. Yameviringishwa, yanabebeka, na pengine hiyo nayo ni faida ya gombo kuliko ukuta. Yeye mwenyewe, akiwa zaidi ya miaka 70, alihamia karibu na hekalu la Sekihō-ji kusini ya mji, akaishi kwa kubadilisha picha kwa mchele, picha moja kwa pishi kadhaa, na kwa picha hizo akagharimia sanamu za mawe za wafuasi wa Buda. Alifariki mwaka 1800.

Mwaka 1889 hekalu lilikuwa katika dhiki, kwa maana serikali mpya haikuwapenda Wabuda, na magombo 30 yakapelekwa kwa Mfalme Mkuu. Hekalu likapewa yeni 10,000, likaweza kubaki na ardhi yake. Buda na wafuasi wake wawili walibaki hekaluni. Walikaa mbalimbali hivyo, Buda huku na viumbe kule, kwa karibu miaka 120, mpaka 2007 walipokutanishwa tena Shōkoku-ji kwa maonesho. Mwaka 2016, mjini Tokyo, zaidi ya watu 400,000 walikuja kuziona kwa muda wa mwezi mmoja, na kuna siku watu walingoja kwenye foleni kwa muda wa saa tano. Mwaka 2021 zikatangazwa Hazina ya Taifa. Inasimuliwa kwamba Jakuchū alisema yuko tayari kumngoja miaka elfu mtu mwenye macho ya kuona. Hakungoja nusu ya hiyo.

Nimeleta nakala. Si nzuri kama ya hariri, imechapishwa na duka la hapa mjini, na buluu imepauka kidogo, lakini ukubwa ni uleule, sentimita 142 kwa 79. Nimeitundika pale upande wa dirisha. Taa nimeipunguza makusudi. Njooni kwa zamu, watu wanne wanne, akina mama mtangulie kwa sababu mnataka kuwahi ndoo zenu. Msianzie juu. Anzeni kwa pweza mkubwa, mfuateni mnyiri mmoja mmoja kwa kidole bila kugusa karatasi, mpaka mfike kwenye ule uliokaliwa. Mdogo ana macho. Tazameni anatazama wapi, kisha mje mniambie.